Uvumi Hauhitaji Bando

Jumatano ya Januari 22, 2025, kampuni za simu za Sudan Kusini zilipokea barua kutoka Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano. Zilitakiwa kufunga Facebook na TikTok kabla ya usiku wa manane, kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Sababu ilikuwa nzito. Video za mauaji ya raia wa Sudan Kusini katika mji wa Wad Madani, nchini Sudan, zilikuwa zimesambaa simu kwa simu. Hasira ikawaka Juba, mji mkuu, na miji mingine, maduka ya wafanyabiashara wa Kisudani yakavunjwa na kuporwa, na polisi wakasema Wasudani 16 wameuawa. Serikali ikatangaza amri ya kutotoka nje usiku. Mitandao ilifunguliwa tena Januari 27.

Mji uliofungiwa mitandao ulikuwa tayari na mgonjwa ndani ya nyumba. Kipindupindu, kilichotangazwa rasmi Renk, kaskazini mwa nchi, Oktoba 28, 2024, kilikuwa kimeshaingia Juba na kusambaa mitaani. Siku tatu baada ya mitandao kufunguliwa, Uganda ikatangaza Ebola jijini Kampala, ya aina iitwayo virusi vya Sudan kwa sababu ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976 Nzara na Maridi, ndani ya mipaka ya nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Februari 7, mgonjwa wa kwanza wa mpox akathibitishwa Juba. Februari 20, shule zote zikafungwa kwa wiki mbili kwa sababu ya joto. Naibu Waziri wa Elimu, Martin Tako Moi, alisema wanafunzi wapatao 12 kwa wastani walikuwa wakizimia kila siku katika mji mkuu.

Ndani ya mwezi mmoja, basi, mkazi wa Juba alitakiwa ajue namna ya kuyasafisha maji yake ya kunywa, dalili za Ebola, nini cha kufanya akiona vipele vya ajabu mwilini, na jinsi ya kumkinga mtoto na jua. Nani angemwambia? Na angemwambia kupitia njia gani, kwa lugha ipi, saa ngapi?

Jibu linategemea sana mkazi huyo ni nani. Mfanyakazi wa shirika la kimataifa, mwenye simujanja na intaneti ya ofisini, alipata taarifa za Wizara ya Afya na Shirika la Afya Duniani siku ileile zilipotoka, tena kwa Kiingereza anachokisoma bila shida. Mama anayeuza mboga katika soko la Konyo Konyo alizipata baada ya siku kadhaa, zikiwa zimepita midomo mingi, au hakuzipata kabisa. Kwa makadirio ya mwaka 2024, mtu mmoja tu kati ya wanane hivi nchini humo hutumia intaneti. Wenye umeme hawafiki mmoja kati ya kumi. Utafiti wa kaya wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba asilimia 27 tu ya watu wazima walijua kusoma na kuandika. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 40, kwa wanawake asilimia 16. Hali imebadilika kiasi tangu hapo, lakini pengo lile kati ya wanaume na wanawake ndilo linaloamua hadi leo nani ausome ujumbe wa afya kwenye simu na nani asomewe.

Hata hivyo, habari za Wad Madani zilimfikia kila mtu. Walioingia barabarani mwezi ule hawakuwa wote na Facebook. Hapa ndipo penye fumbo ambalo wanaopanga mawasiliano ya afya hawajalitegua: habari inayotia hofu au hasira hushuka kutoka kwenye simu hadi kwa asiye na simu kwa siku moja, bila gharama yoyote, lakini sahihisho lake hubaki kulekule juu, likimsubiri mwenye bando.

Ukitaka kuona inavyotokea, kaa kwenye kijiwe cha chai. Juba imejaa vijiwe hivyo: mwembe, viti vya plastiki, jiko la mkaa, na mama anayemimina chai ya viungo katika glasi ndogo zenye sukari iliyojaa chini. Wateja saba au wanane hukaa hapo, wengi mfukoni wana simu za kitochi, mmoja ana simujanja. Huyo mmoja ndiye mhariri wa kijiwe. Anasoma kilichoandikwa kwa Kiingereza, anakisimulia kwa Arabi Juba, yaani Kiarabu cha mji huo; aliyekaa kando anamgeuzia jirani yake kwa Kibari au Kidinka. Dereva wa bodaboda anamaliza chai na kuondoka nacho hadi mtaa wa Gudele; dereva wa raksha, yaani bajaji, anakipeleka mtaa wa Gumbo. Kufika jioni kimeshazunguka mji, na kila aliyekipokea ameongeza chumvi yake kidogo. Kesho yake, ikitoka taarifa kwamba ile ilikuwa uongo, hakuna anayeisimulia kwa hamu ileile. Taarifa ya sahihisho haina msisimko. Haileti gumzo.

Janga la korona liliuonyesha mchezo huu waziwazi. Februari 2020, mkongo wa faiba uliingia Juba kutoka Uganda kupitia Nimule, ukajengwa na kampuni ya Liquid Telecom. Kabla ya hapo mji ulitegemea setilaiti, kwa bei ya kuumiza. Miezi miwili haikupita, Aprili 5, akatangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona, mfanyakazi wa Umoja wa Mataifa aliyeingia nchini kutoka Uholanzi kupitia Ethiopia. Yaani intaneti ya kasi zaidi na ugonjwa wenyewe viligonga hodi karibu pamoja. Mitandaoni yakaanza maneno makali dhidi ya wageni na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, kwamba wao ndio walioleta maradhi, kiasi cha viongozi wa umoja huo kulazimika kuyakemea hadharani. Ugonjwa ukapewa sura: ya mgeni, ya mwenye pesa, ya mpanda ndege. Ulipofika wakati wa kumwambia mkazi wa Munuki au Kator kwamba naye yumo hatarini, tayari alikuwa ameshaambiwa na kijiwe kwamba huo ni ugonjwa wa wengine.

Mwaka huohuo vijana wa Juba walianzisha 211 Check, jukwaa la kuhakiki habari lililochukua jina lake kutoka kwenye namba ya simu ya nchi, 211. Lilizaliwa ndani ya mpango wa #defyhatenow, uliokuwa umeanza kupambana na maneno ya chuki mitandaoni tangu miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kazi yao ni ya kuheshimiwa sana. Wanafuatilia picha zilikotoka, wanapiga simu, wanauliza wizara, wanaandika kwa utulivu. Ila sehemu kubwa ya maandishi hayo iko kwenye tovuti na kwa Kiingereza, na msomaji wake wa kwanza ni yule ambaye pengine asingedanganyika tangu mwanzo. Hilo halitokani na uzembe wao. Mlango wa kuingilia mtandaoni Juba ni mwembamba, na wanaopita ni walewale.

Halafu ikaja chanjo. Machi 25, 2021, ndege ilitua Juba na dozi 132,000 za AstraZeneca kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na uchanjaji ukaanza Aprili. Ndani ya wiki chache ikadhihirika kwamba dozi hizo hazitaisha kabla ya muda wake kupita. Sudan Kusini ikarudisha dozi 72,000 kwa COVAX ili zitumike kwingine. Nyingine zipatazo 60,000, zilizotoka Umoja wa Afrika, zilifika zikiwa zimebakiza siku chache mno na ikabidi ziharibiwe. Nchi maskini kuliko karibu zote ilirudisha chanjo ambayo mataifa mengine yalikuwa yakiigombea. Wapo waliosema watu wa huko ni wabishi, na hiyo ni hukumu isiyo ya haki. Mwezi ule dunia nzima ilikuwa ikibishana juu ya AstraZeneca na damu kuganda, baadhi ya nchi za Ulaya zilikuwa zimeisitisha, na habari hizo zilifika Juba kwa simu kabla chanjo yenyewe haijatoka kwenye majokofu. Maelezo ya wataalamu, kwamba hatari ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na faida, yalihitaji msomaji mwenye muda, bando na Kiingereza cha kitabibu.

Wasomi walikwisha kuliona jambo hili zamani, kabla ya intaneti. Mwaka 1970, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Tichenor, Donohue na Olien, waliandika kwamba habari zinapoongezeka katika jamii, wenye elimu na uwezo huzidaka upesi kuliko wengine, na pengo la maarifa hupanuka. Mwaka uliofuata daktari wa kijiji cha wachimba makaa huko Wales, Julian Tudor Hart, alieleza kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kukosekana palepale inapohitajika zaidi. Ukiziunganisha hoja hizo mbili unapata picha ya Juba: yule asiye na maji safi ndiye anayechelewa kuambiwa kwamba maji yake yana kipindupindu.

Lakini mji huohuo uliwahi kutoa mfano ambao ungestahili kufundishwa vyuoni.

Vita vilipolipuka Juba Desemba 2013, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa za Tomping na UN House. Walibanana humo, wengi wakiwa wamepoteza redio, simu na kila kitu, na nje ya uzio ni hatari. Mapema mwaka 2014 shirika la Internews likaanzisha kipindi kilichoitwa Boda Boda Talk Talk. Hakikurushwa hewani. Vijana wa kambini, wakimbizi wenyewe, walifundishwa kurekodi, kuhoji na kuhariri. Wakatengeneza kipindi cha dakika 20 hivi, kikawekwa kwenye flashi, flashi ikachomekwa kwenye spika iliyofungwa nyuma ya pikipiki. Pikipiki inaingia kambini taratibu, inasimama kituo cha kwanza, watu wanakusanyika. Watoto mbele, wanawake na ndoo zao, wazee pembeni. Kipindi kinapigwa hadi mwisho, kisha pikipiki inakwenda kituo kinachofuata.

Uzuri wake haukuwa spika. Spika hata wanasiasa wanazo. Uzuri ulikuwa kwamba kipindi kikiisha, kinasa sauti kilibaki wazi. Mwanamke akiuliza kwa nini maji ya bomba yananuka dawa, swali lake lilirekodiwa, mwandishi akalipeleka kwa mhusika wa maji, na jibu likasikika kwenye kipindi kilichofuata, kwa sauti ya mhusika mwenyewe na maelezo kwa lugha ya kambi. Mwenye wasiwasi juu ya chanjo alijibiwa mbele ya majirani zake, hivyo uvumi ulikutana na jibu palepale ulipozaliwa. Kambi hizo zilichanjwa dhidi ya kipindupindu mapema mwaka 2014, kabla mlipuko haujatangazwa mjini Juba Mei 15. Kipindi hicho baadaye kilipelekwa kwenye kambi nyingine za nchi.

Mwaka uliofuata kipindupindu kilirudi Juba, na safari hii kukawa na mtihani mgumu zaidi wa kueleza. Chanjo ya kunywa ilikuwa imezoeleka kutolewa dozi mbili, lakini akiba ya dunia haikutosha. Ikaamuliwa watu wengi wapewe dozi moja badala ya wachache kupewa mbili. Watafiti wakiongozwa na Andrew Azman walifuatilia matokeo na mwaka 2016 wakachapisha katika jarida la Lancet Global Health kwamba dozi hiyo moja ilikuwa na kinga ya kama asilimia 87 kwa muda mfupi. Oktoba 2022, uhaba ulipozidi, dozi moja ikawa ndiyo kanuni ya dharura duniani kote. Watu wa Juba walisaidia kuwapa walimwengu ushahidi huo. Ni wangapi kati yao waliowahi kuambiwa? Mtu aliyechangia maarifa kwa mwili wake ana haki ya kuletewa majibu ya utafiti kwa lugha yake, na kama haki hiyo ingetimizwa, timu za chanjo zilizofuata zingekuwa na hoja nzito ya kuanzia mazungumzo: chanjo hii ilithibitishwa hapahapa, kwenu.

Redio bado ndiyo mfalme wa mawasiliano nchini humo. Radio Miraya ya Umoja wa Mataifa imekuwa hewani tangu 2006. Eye Radio na Radio Bakhita ya Kanisa Katoliki zina wasikilizaji wao waaminifu. Lakini redio nayo ina tabaka zake. Betri hununuliwa. Nyumba nyingi redio ni ya baba, na baba akitoka hutoka nayo, wakati ujumbe kuhusu kuharisha kwa mtoto unamhusu zaidi mama aliyebaki. Kisha kuna lugha. Nchi ina makabila zaidi ya 60. Lugha rasmi ni Kiingereza, lugha ya sokoni ni Arabi Juba, na lugha ya nyumbani ni nyingine kabisa. Tanzania ilipoanzisha huduma ya Wazazi Nipendeni mwaka 2012, ikiwatumia wajawazito ujumbe mfupi wa bure kwenye simu, Kiswahili kimoja kilitosha nchi nzima. Ujumbe wa namna hiyo Juba ungelazimika kwanza kuamua unaandikwa kwa lugha gani, na kisha kuwaacha nyuma wote wasiosoma.

Kiswahili chenyewe kina nafasi ambayo haijatumiwa vya kutosha. Waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma na shule za Kenya wanakizungumza. Barabara ya kilomita 192 kati ya Nimule na Juba ndiyo koo la mji, na madereva wa malori wanaopita hapo kutoka Mombasa na Kampala huelewana kwa Kiswahili. Wakati wa korona ndio waliokuwa wakisubiri mpakani foleni za vipimo, wakinyooshewa vidole kwamba wanabeba maradhi. Dereva anayeelezwa vizuri dalili za Ebola huweza kuwa mlinzi wa kwanza wa mji. Anayeshukiwa tu hujificha.

Yote haya yana mpaka wake, na mpaka huo ni maji. Tangazo la kipindupindu husema: nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kunywa maji yaliyotiwa dawa. Sehemu kubwa ya Juba haina bomba. Maboza hujaza maji kando ya Mto Nile na kuyauza mtaa kwa mtaa, na bei ya pipa hupanda na bei ya dizeli. Asiyemudu pipa hununua dumu, na kwa hesabu ya lita humgharimu zaidi kuliko jirani mwenye tangi. Asiyemudu dumu huteremka mtoni. Ukimwambia huyu anawe mikono mara kwa mara, unamwambia achague kati ya kunawa na kupika. Ndiyo maana wakati wa milipuko kazi yenye maana kuliko mabango ni ya wale wanaosimama penye vituo vya kujazia na kutia klorini kwenye maboza na ndoo, huku wakieleza wanachofanya na kujibu maswali. Pale mdomo na dawa vinakwenda pamoja. Hadi katikati ya 2025, waliougua kipindupindu nchini tangu mlipuko huo wa 2024 uanze walikuwa wamepita 70,000, na waliokufa zaidi ya 1,300. Huo ni ugonjwa ambao chumvi, sukari na maji safi, vikipatikana mapema, huokoa wengi.

Ipo namba ya bure, 6666, ya kutoa taarifa za magonjwa ya mlipuko, iliyopata umaarufu wakati wa korona. Ni hatua nzuri, kwa sababu sauti haihitaji kusoma. Lakini simu isiyo na chaji haipigi namba ya bure, na chaji mitaani hulipiwa kibandani. Kampuni za simu zingeweza kusaidia zaidi: ujumbe wa sauti kwa Arabi Juba, Kibari, Kidinka na Kinuer, unaosikilizwa bure hata kwenye kitochi, hauhitaji teknolojia mpya. Masahihisho ya 211 Check nayo yakigeuzwa sauti za dakika moja, yangeweza kuwafikia akina mama wa chai, ambao hawajawahi kuhesabiwa kama watu wa mawasiliano ya afya, ingawa husikika na watu wengi kwa siku kuliko mabango mengi.

Pesa, wakati huohuo, zinakwenda upande mwingine. Mapema 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje. Machi mwaka huo, idhaa yake ya Sauti ya Amerika ilinyamazishwa, pamoja na kipindi chake cha South Sudan in Focus kilichosikilizwa nchini kwa miaka. Internews, shirika lililoanzisha spika za pikipiki, lilikuwa likitegemea sana fedha hizohizo. Katika mapunguzo ya aina hii mhamasishaji wa mtaani, anayetembea na kipaza sauti nyumba kwa nyumba kwa posho ndogo, huwa wa kwanza kuachishwa, kwa kuwa hana jengo wala gari linaloonekana kwenye ripoti. Mwaka 2001, huko Abuja, serikali za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na bajeti za Juba tangu uhuru zimebaki mbali sana na kiwango hicho. Posho ya mhamasishaji, betri za spika na mafuta ya pikipiki ni vitu vya bei ndogo kuliko dawa na majengo. Vinaweza kuingizwa katika bajeti ya serikali yenyewe mwaka huu wa fedha, bila kumsubiri mfadhili.